Gome Lililopumua

Ilikuwa Alhamisi, tarehe kumi na nne Mei, mwaka wa 1981, saa kumi na moja kasoro robo za jioni, Mwanasiti alipoegemeza kiganja kwenye mpera ulio nyuma ya nyumba yake, na gome la mti likapumua.

Aliutoa mkono taratibu, kama mtu aliyegusa paji la mgonjwa aliyepata usingizi. Mvua ya masika ilikuwa imekatika punde. Majani yalikuwa yakidondosha maji, jiko la jirani lilikuwa likifuka moshi, na watoto wa mtaa walikuwa wakipiga mpira wao wa makaratasi barabarani. Hakuna kilichobadilika, ila pale mkono wake ulipokuwa palikuwa na joto. Gome la mpera kila mtu analijua, ni laini na baridi kama mtungi wa maji, na jioni ya mvua halina sababu ya kuwa na joto.

Alikaza macho. Kwanza aliona gome tu. Kisha akaona ukingo, mwembamba kama ukingo wa karatasi. Kisha akaona kuwa ukingo ule ulikuwa wa bawa. Nondo, yule kipepeo wa usiku anayezunguka taa, alikuwa amejilaza juu ya mti, mpana kuliko kiganja cha mtu mzima, na alikuwa amefanana na gome hata mtu angepita hapo mara mia asimwone.

Mwanasiti alikuwa katika siku ya ishirini na tatu ya eda. Mjane hukaa miezi minne na siku kumi. Hajipambi, hajitii manukato, haendi sokoni wala arusini, wala hakai faragha na mwanamume asiye maharimu wake. Mipaka yake ilikuwa chumba, ukumbi mdogo, jiko, na ua uliozungushiwa ugo wa kayaba, na ndani ya ua ule mpera mmoja, matuta mawili ya sukuma wiki na kichaka cha mchaichai. Nyumba ilikuwa Kaloleni, katika zile nyumba za mawe ambazo Waislamu na Wakristo wamekaa mlango kwa mlango miaka mingi, wakiombana chumvi na kuzikana.

Mumewe, Zahoro, alikuwa fundi cherehani. Mchana alishona kwenye baraza ya duka moja Gikomba, na jioni alishona nyumbani. Siku ya kufa kwake alikuwa chumbani akishona koti la mteja, na Mwanasiti alikuwa jikoni akikuna nazi. Cherehani ilinyamaza. Mwanasiti alidhani mumewe anabadilisha uzi. Akaendelea kukuna, akisubiri cherehani ianze tena, akasubiri mpaka nazi ikaisha. Alipoingia alimkuta Zahoro ameinamia meza, mguu ungali juu ya kanyagio. Daktari alisema moyo ulisimama ghafla, na hata mke angekimbia asingewahi. Muhiba, dada yake Zahoro aliyekuja kutoka Mombasa kukaa naye eda, alimwambia maneno hayo hayo kila asubuhi. Mwanasiti aliitikia, na kuhusu ile nazi hakumwambia mtu.

Siku ya pili alikwenda tena kwenye mpera. Nondo alikuwa pale pale, lakini rangi ya gome ilikuwa imemtoka. Sasa alikuwa wa kijivu, mwenye mistari myeupe myembamba iliyoshuka sawasawa kutoka begani hadi ncha ya bawa. Mwanasiti aliitambua mistari ile kabla hajakubali kuwa ameitambua. Ilikuwa ya kitambaa cha lile koti.

Siku ya tatu palikuwa na alama ya chaki. Upinde mweupe, mfupi, kwenye bawa la kulia, mahali mkono wa koti unaposhikana na bega. Zahoro aliuchora upinde kama ule asubuhi ya siku aliyokufa.

Mwanasiti aliyafanya siri. Aliyesema ni Muhiba, aliyetoka kuchuma mchaichai akamwona mdudu, akamwita jirani yao Lenah juu ya kayaba. Lenah alikuwa Mluhya, mwanamke wa kanisa na wa maneno mengi. Mumewe, Javan, alifanya kazi katika jumba la makumbusho mjini, na kwa miaka kumi na sita kazi yake ilikuwa kuwachoma wadudu sindano, kuwapanga kwenye masanduku ya kioo na kuwaandikia majina.

"Ngoja nimwite," Lenah akasema. "Mama yangu akija, Javan anatafuta kofia atoke. Mdudu akija, anatafuta miwani."

Javan alikuja na miwani, rula na kitabu kikubwa cha picha. Mwanasiti aliingia jikoni, akajiweka nyuma ya pazia la dirisha, akasikiliza. Javan alipima mabawa mara mbili. Alifungua kurasa, akazifunga, akazifungua tena, na muda mrefu hapakusikika ila karatasi. Lenah aliacha utani. Mwishowe Javan alizungumza na Muhiba kwa sauti ya chini, kama mtu aliye wodini.

"Hawa nawajua, mama. Kuna wanaofanana na jani kavu, kuna wanaofanana na mavi ya ndege, na wengi wanafanana na gome. Wote sababu yao ni moja, ndege asiwaone. Nondo huiga pale alipokaa."

"Na huyu?"

"Huyu amekaa kwenye gome, na haigi gome. Ameiga nguo." Akavua miwani, akaifuta, asiivae. "Mdudu anayeiga ili aonekane, huyo simjui. Na nisiyemjua simpi jina. Msimwingize ndani."

Muhiba alivua patipati moja akainua mkono. Nyuma ya pazia Mwanasiti alisikia kinywa chake mwenyewe kikisema, "Wifi, mwache."

Muhiba akamwacha, lakini jioni alimsomesha. Alijua wifi yake alikuwa amesikia nini. Katika khitma ya siku ya saba, wanawake walipokuwa wakichambua mchele, bibi mmoja alisema kuwa kipepeo akija nyumba ya msiba asifukuzwe, kwani huenda ni mwenyewe amekuja kutazama walivyobaki. Muhiba alisema hayo si maneno ya dini, ni maneno ya mchele. Aliyekwenda amekwenda, na kinachomfikia ni dua na sadaka tu. Mwanasiti alikubali kila neno. Alikuwa amesoma chuoni, alijua. Lakini kujua ni jambo moja, na kukaa ndani ya nyumba iliyonyamaza ni jambo jingine.

Arobaini ikasomwa. Siku ile ile ikaja simu ya maandishi kutoka Mombasa kwamba mume wa Muhiba amelazwa. Muhiba alimkabidhi wifi yake kwa Lenah, ambaye angemletea vitu vya dukani dirishani, akaahidi kurudi kabla ya siku ya kutoka eda, akaondoka.

Mwanasiti aliswali alasiri peke yake. Alikuwa bado juu ya mswala aliposikia sauti nje ya mlango wa nyuma, chi-chi-chi-chi, nyepesi na ya kasi, ikakatika, ikaanza tena. Watu wa wadudu wanasema nondo hutikisa mabawa hivyo kuupasha mwili moto kabla ya kuruka. Mwanasiti hakujua hayo. Alijua sauti moja tu iliyokuwa hivyo duniani, na alikuwa ameisubiri iendelee kwa siku arobaini.

Alifungua mlango. Nondo alikuwa kwenye fremu, kijivu juu ya rangi ya kijani, mabawa yakitetemeka.

"Kama ni wewe, Zahoro," akasema, "karibu ndani. Nyumba hii ni yako."

Kitu kilimpita begani. Hakikuwa na uzito wa mdudu. Kilikuwa na upana wa mtu anayeingia mlangoni upande upande ili asimguse mkewe, na nyuma yake ikabaki harufu ya mafuta ya cherehani na ya sufu mbichi iliyopigwa pasi ya makaa.

Siku ile hakuona kitu. Siku iliyofuata, mchana wa saa saba, wakati mtaa mzima umelala kwa jua na hata kuku hawasikiki, cherehani iliyofunikwa shuka kule pembeni, koti likiwa bado juu yake, ilipiga mishono mitatu, ikatulia. Kisha mtu akakohoa, kikohozi kidogo cha kusafisha koo, na sauti aliyoizoea miaka kumi na tisa ikasema, "Mwanasiti. Chai iko?"

Alitia chai vikombe viwili. Alikiweka kimoja karibu na shuka, akageuka, kwa haya au kwa woga hakujua. Alipokirudia kilikuwa kikavu, na chini palikuwa na vumbi la kijivu, laini kama la bawa.

Hivyo ndivyo walivyoishi. Wala hakuona kuwa ametekwa, kwa kuwa alikuwa amekwisha kufungiwa na sheria ya Mungu, na mtu aliye ndani ya ua haoni mtu mwingine akijenga ukuta wa pili. Sauti haikutaka makuu. Iliomba chai, iliuliza nani alipita, ilicheka kidogo kwa maskhara ya Lenah. Jambo moja tu haikulistahimili. Kila baada ya swala Mwanasiti alizoea kuinua mikono na kumwombea marehemu. Mara ya kwanza alipofika kwenye neno la rehema, sauti ikamuuliza kutoka pembeni, taratibu, bila hasira.

"Unamwombea nani rehema, nami niko hapa?"

Mikono ikashuka. Kesho yake ilishuka mapema zaidi. Baada ya wiki mbili haikuinuka kabisa.

Ramadhani iliingia mwanzo wa Julai, na sauti ikakatika. Siku ya kwanza Mwanasiti alidhani amechoka. Siku ya tatu alinyanyua shuka. Chini yake aliikuta cherehani, na juu ya cherehani koti, lakini kitambaa chote kilikuwa kimeliwa. Mishono ilikuwa mizima. Ilisimama hewani kama mifupa ya samaki, mabega, mikono na ukosi, kazi ya mkono wa Zahoro yote iko pale na nguo haipo. Mwenye akili yake angekimbilia kayaba kumwita Lenah. Mwanasiti alirudisha shuka, akakaa chini, akalia kwa kuwa hakuna aliyemwita jina. Alifunga mwezi mzima katika kimya kile, na usiku wa kuamkia Idi, wakati takbiri zikitoka msikitini Pumwani, yeye alikuwa amepiga magoti mbele ya shuka akimsihi arudi, akimpa nyumba mara ya pili, na safari hii akasema, "Nyumba na mimi."

Alirudi siku ya pili ya Idi.

Tangu hapo mambo yalikwenda mbio. Kutoka kitandani hadi mlango wa chumba zilikuwa hatua saba, na Mwanasiti alizijua kwa kuwa alizitembea gizani kila alfajiri miaka kumi na tisa. Zikawa sita. Akadhani mwendo wake umebadilika. Zikawa tano. Ukutani palikuwa na msumari ulioning'iniza kalenda ya duka, na juu yake alikuwa akikata siku za eda kwa kalamu ya risasi. Asubuhi moja aliona kichwa cha msumari kimesogea ndani. Wiki ile ile kalenda ilikuwa imezama hadi mwezi wa Agosti ukasomeka nusu, kisha robo, kisha pakawa na chokaa tu, nyeupe, tupu, iliyochakaa vile vile kama ilivyokuwa imechakaa chokaa ya mwanzo, na ufa ule ule uliotoka pembe ya dirisha. Alipoulizia tarehe, sauti ilimwambia asijisumbue. "Huna eda ya kuhesabu, mke wangu. Mimi niko hapa."

Lenah aliliona dirisha. Alizoea kupitisha mkate na maziwa kati ya vyuma, na siku moja pakiti ya maziwa haikupita. Alichungulia. Alimwona jirani yake amesimama mbali zaidi ya inavyowezekana katika jiko dogo kama lile, au karibu zaidi, hakuweza kusema, na kope zake zilikuwa na vumbi la kijivu. Alimuuliza kama anaumwa. Mwanasiti akanong'ona kwamba aseme polepole, Zahoro amelala.

Lenah aliacha maziwa juu ya tuta la sukuma wiki, akaenda kwa mumewe, na usiku ule wakaandika barua Mombasa.

Muhiba alifika Ijumaa, tarehe ishirini na nane Agosti, saa nne asubuhi. Kwa hesabu ya mwezi ndiyo iliyokuwa siku ya mwisho. Hakuja peke yake. Alipitia Pumwani akamchukua Bi Nthoki, mama mwosha maiti, ambaye pia ndiye aliyekuwa akiwaogesha wajane siku ya kutoka eda. Bi Nthoki alikuwa Mkamba aliyesilimu alipoolewa. Alipoambiwa achague jina jipya alikataa, akasema Mungu alikuwa akimwita Nthoki kabla sheikh hajazaliwa. Alikuwa mfupi, mwenye mikono mikubwa, na aliongea na walio hai kama alivyoongea na maiti, kwa upole na bila kuwabembeleza.

Mlango wa nyuma ulikuwa umefungwa kwa ndani. Mwanasiti aliwasikia. Alikuwa amekaa kitandani, magoti yakikaribia kugusa ukuta wa mbele, na alimsikia wifi yake akimwita, akimwambia maji ya kuoga yamechemshwa kwa Lenah, nguo mpya ziko tayari, atoke.

"Eda ya nani, wifi?" akauliza. Hakuwa na kiburi, aliuliza kweli. "Mume wangu hajafa."

Kisha ile sauti ikasema kutoka pembeni, kwa sauti ya nyumba nzima ili isikike hadi uani, "Dada Muhiba. Niachie mke wangu."

Mwanasiti alisikia kitu kikianguka, beseni au mtu. Kisha akamsikia Muhiba akilia, akilitaja jina la ndugu yake, si kwa hofu bali kwa kiu, na akajua kwamba wifi yake naye, aliyesema hayo ni maneno ya mchele, angeukumbatia mlango ule kama ungefunguka.

Bi Nthoki alivuta kigoda, akakaa, akaweka mdomo kwenye tundu la ufunguo.

"Mwanangu, unanisikia?"

"Nakusikia, bibi."

"Huyo aliye na wewe nimemsikia. Jina lake nani?"

"Zahoro," ikajibu sauti.

"Sikukuuliza wewe. Namuuliza aliyekupa." Akasubiri. "Mwanangu, nimeosha watu miaka thelathini na moja. Sijaona aliyerudi kudai chai. Lakini mimi si Mungu, labda wako karudi. Nikuulize moja tu, kisha niende zangu. Ramadhani, alikuwa akisema nawe?"

Chumba kilikuwa na joto, joto lile la gome. "Ramadhani alinyamaza," akasema.

"Mwezi mzima?"

"Mzima. Alirudi baada ya Idi."

"Zahoro alikuwa mfungaji? Mswalihina?"

"Hakukosa."

"Basi niambie wewe uliyesoma chuoni. Mwezi wa Ramadhani, ni nani anayetiwa minyororo? Ni maiti Mwislamu?"

Mwanasiti alilijua jibu, kwamba ni mashetani, tangu akiwa na miaka sita, alilisoma juu ya ubao kwa wino wa masizi, na lilikuwa limelala ndani yake wakati wote huu kama ufunguo katika mfuko wa mtu anayepiga kelele afunguliwe. Pembeni, chini ya shuka, cherehani ilianza kwenda. Haikupiga mishono mitatu safari hii. Ilikwenda mfululizo, kwa raha, kama ilivyokwenda jioni zote njema za maisha yake, na juu yake sauti ikamsemesha kwa upole kuliko siku yoyote.

"Ukisema nimekufa, sitarudi tena. Unajua itakuwaje? Itanyamaza, Mwanasiti. Utakaa jikoni usikilize, na itanyamaza."

Hapo ndipo alipojua hasa anachotakiwa kulipa. Alimpenda mumewe. Hakuwa na mtoto, hakuwa na mama, na sauti ile, hata ikiwa ya uongo, ilikuwa yote aliyobakiwa nayo ya miaka kumi na tisa. Alitazama mlango wa chumba. Zilikuwa hatua tatu. Alisimama, na bega lake likagusa ukuta, na ukuta ukasogea kumpisha kama ubavu wa mnyama, ukarudi, na akahisi kwenye mkono wake mtupu kwamba haukuwa chokaa, ulikuwa laini, ulikuwa na manyoya mafupi, ulikuwa ukitetemeka wote kwa pamoja kwa mwendo wa cherehani, kutoka sakafuni hadi darini, ufa na madoa na yote, na kwamba kwa wiki nyingi alikuwa akilala, akila na kuswali ndani ya kifua cha kitu kilichojipanga bawa juu ya bawa kikamfanania nyumba yake mwenyewe.

Alipiga hatua ya kwanza, akaivuka ya pili. Bi Nthoki nje alikuwa ameanza Ayatul Kursi, bila kupaza sauti. Mwanasiti alitoka chumbani, akapita ukumbi kwa ubavu, akafika mlango wa nyuma. Alitafuta komeo kwa vidole akakuta mabawa, akatafuta tena akakuta mabawa, makavu na yenye joto, yakijipanga upya kila alipoyapangua.

"Wewe si Zahoro," akasema.

Cherehani ikaongeza mwendo.

"Zahoro alikufa. Alikufa Jumatano, na mimi nilikuwa nakuna nazi. Nilisikia ikinyamaza nikakaa. Nilikaa mpaka nazi ikaisha." Machozi yalichimba njia katika vumbi la uso wake. "Nimekosa, na aliyekosewa hayupo tena kunisamehe. Hayupo humu. Nyumba hii nilikupa bila haki, maana si yangu wala yako, ni ya Mwenyezi Mungu. Natoka."

Cherehani ilinyamaza.

Alikisikia kile kimya, chote, kile kile cha Aprili, na safari hii hakusubiri. Kidole kiligusa chuma. Akavuta komeo.

Waliokuwa uani wanasema nyumba ilipumua nje. Kuta zilibanduka. Zilitoka mlangoni kwa pamoja kama moshi wenye uzito, nyeupe za chokaa, kijani za mlango, kahawia za mbao za kitanda, nondo wasiohesabika, wakapita juu ya kichwa cha Mwanasiti aliyekuwa ameinama kizingitini, wakapita juu ya mpera na kayaba, na walipokuwa wakiruka rangi zikawatoka zote wakabaki bila rangi yoyote inayotajika. Watoto waliacha mpira. Javan alikuwa upande wake wa ua na wavu wa kazi mkononi. Hakuuinua. Baadaye Lenah alimuuliza kama angalau amewatambua, naye akasema hakuna cha kutambua, kwani kilichotoka hakikuwa na sura mpaka mtu akipe, na akamwomba asimuulize tena.

Wakaelekea upande wa Njiru, kulikokuwa na mashamba matupu wakati ule, na hewa ikabaki na harufu ya pasi ya makaa kwa muda wa Fatiha moja.

Muhiba alikuwa amekaa chini, beseni limepinduka pembeni yake. Alimtazama wifi yake, akautazama mlango mtupu, akasema kwa sauti ndogo, "Nilitaka kuingia." Mwanasiti akamwambia anajua.

Bi Nthoki hakuwaacha walie sana, alisema maji yanapoa. Alimwogesha Mwanasiti jikoni, kichwa kwanza, kisha upande wa kulia, kisha wa kushoto, na vumbi la kijivu lilishuka kwenye bomba la maji machafu maji saba lisiishe, mpaka maji ya nane. Alimvisha nguo safi. Walipoingia chumbani kilikuwa kipana hata kikawatisha. Bi Nthoki alifungua dirisha na kuwaambia mambo mawili. Kwanza, kwamba nyumba isomwe Suratul Baqara siku tatu. Pili, kwamba Mwanasiti asitarajie kupona leo, kwani ameanza msiba wake leo hii, na wenzake wote wamemtangulia kwa miezi minne.

Adhana ya Ijumaa ikaita. Mwanasiti alitandika mswala, akaswali adhuhuri yake. Alipotoa salamu alikaa, akaitazama mikono yake iliyokuwa juu ya mapaja. Ilikuwa mizito. Alisikiliza pembeni, akasikia pembeni tu. Muhiba akaja akakaa nyuma yake. Mwanasiti akainua mikono, akasema taratibu, neno baada ya neno, kama mtoto anayesomeshwa:

"Ewe Mola wangu, mja wako Zahoro amefariki. Msamehe, umrehemu. Yakubali aliyoyafunga na aliyoyaswali, na umfutie aliyoyasahau. Nimemkawiza mlangoni pangu, nami simzuii tena. Wewe unajua dhiki ya mahali pembamba, nami umenionjesha. Basi yeye usimdhiki, ya Rabbi. Mpanulie kaburi lake, umpanulie mpaka macho yake yasione ukuta. Amin."